Majani Niliyoyakataza

Nimeacha uuguzi miezi mitatu iliyopita, lakini mikono yangu haijapata habari. Kila anayenipa salamu namshika kifundo cha mkono na kumhesabia mapigo kabla sijamuuliza hali. Juzi sokoni Darajani nilimhesabia muuza ng'onda, nikamwambia mapigo yake yana haraka, apunguze chumvi.

"Bi Zuhura," akanijibu, "mie nnauza samaki wa chumvi toka balehe. Ntaipunguzaje chumvi, nifunge duka?"

Nyinyi mlionirithi kwenye kliniki ya moyo mmeniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi. Vyeo na mishahara vina mafaili yake, sitavigusa. Nitaandika siku za mwanzo, vifaa tulivyokuwa navyo, mwanamke aliyenifundisha, na Bi Mize wa Bwejuu. Kwa Bi Mize nitakaa zaidi, kwa sababu mpaka leo nikimkumbuka napatwa na mshtuko ule ule, kama mtu aliyeegemea ukuta, ukuta ukaenda naye.

Nilianza wodi ya wazazi. Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa kuwachoma watoto wachanga sindano ya vitamini K pajani, muda mfupi baada ya kuja duniani. Mtoto huzaliwa na vitamini hiyo kidogo mno, na bila yake damu haijui kuganda; wako wanaovuja damu ndani kwa ndani hadi kwenye ubongo, na kwa nje huoni kitu. Nilichoma mapaja mengi, laini kama unga uliokandwa. Watoto walilia, mama zao walinikodolea macho, nami nikarudi nyumbani kila siku nikijiona nimefanya jambo. Basi vitamini hii nilijuana nayo mapema. Nilipohamishiwa kliniki ya moyo nikaigeuka, kama mtu anavyomgeuka shoga yake kwa maneno ya kuambiwa.

Kliniki wakati huo ilikuwa chumba kimoja katika nyumba kongwe ya mawe huko Mji Mkongwe. Kuta zilikuwa zikipukutika chokaa juu ya meza, na mvua zikianza ndiyo hasa. Kabla ya kuandika kadi ya mgonjwa ilibidi kwanza uipulize. Aliyeitawala meza hiyo alikuwa Bi Khadija, muuguzi mkongwe kuliko sote, mfupi, miwani yake imefungwa nyuma kwa uzi wa kushonea. Siku ya kwanza hakunipa daftari wala kifaa. Alinikalisha pembeni mwa mgonjwa mmoja, baba wa makamo aliyenyamaza kama mgeni, akaniambia, "Sikiliza."

"Nisikilize nini, bibi?"

"Ukiuliza, husikii."

Nikanyamaza. Kwa mbali nikasikia tik, tik, tik. Nikamwambia saa ya huyu bwana inapiga kwa nguvu.

"Hana saa," Bi Khadija akasema. "Mtazame mikono."

Sauti ilitoka kifuani mwake. Nilisimama bila ya kujua kuwa nimesimama. Yule bwana akacheka, akaniambia mkewe husema kila usiku analala na fundi saa.

Ndivyo nilivyoijua kazi yetu. Watoto wengi wa visiwa hivi waliumwa koo, wakapewa maji ya chumvi wasukutue, wakapona. Koo lilipona, lakini miaka mingi baadaye ikaonekana kuwa maradhi yale yaliziacha valvu za moyo zimekakamaa kama mlango uliovimba kwa maji. Waliobahatika walisafirishwa nje ya nchi, wakapasuliwa, wakarudi na valvu ya chuma. Damu ikikutana na chuma hutaka kuganda juu yake. Kwa hiyo mwenye valvu hiyo humeza kidonge cha kuzuia damu kuganda kila siku ya Mungu mpaka anakufa. Kidonge chenyewe, warfarini, ni ndugu wa dawa ya panya. Wagonjwa walikuwa wanalijua hilo, na hawakuacha kututania. "Sista, leo nimemeza, na panya wa dari wote wananiogopa."

Kidonge kikizidi, mgonjwa anavuja damu. Kikipungua, damu inaganda kwenye valvu. Katikati hapo pana njia nyembamba, na njia hiyo tulikuwa tukiipima kwa kitu tulichokiita tu "namba". Kwa valvu kama ya Bi Mize namba ilitakiwa iwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Zamani damu ilipelekwa maabara, mpimaji akaitia dawa ndani ya kichupa cha kioo, akakiinamisha na kukiinua ndani ya maji ya uvuguvugu huku akitazama saa, mpaka aone imeshikana. Mgonjwa aliyefika asubuhi alipata jibu lake adhuhuri. Miaka ya karibuni tukaletewa kile kimashine cha mkononi, tone moja la kidole na dakika moja basi. Kitunzeni. Msikiache juani kwenye gari, na msimwamini anayewaambia betri bado nzima.

Sasa nifike kwenye sentensi ya Bi Khadija. Alinieleza hivi: vitamini K ndiyo inayoliwezesha ini kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Kidonge kinaizuia. Vitamini hiyo makazi yake makubwa ni majani mabichi: kisamvu, matembele, mchicha, majani ya maboga. Mgonjwa akila majani anakipiga vita kidonge chake. "Basi," akasema, "mtolee majani."

Ilikuwa sentensi safi. Haikuwa na mlango wa nyuma. Nikaipokea kama amana, na kwenye kila kadi nikawa naandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: ASILE MAJANI.

Bi Mize alikuja kwetu miaka kumi na mbili kabla sijastaafu, kifua kimetoka kushonwa. Alikuwa msokotaji kamba za makumbi huko Bwejuu, viganja vigumu kama kanda, na ulimi wake haukuwa laini kuliko viganja. Mumewe, Mzee Ame, alimleta kwa pikipiki na kumsubiri nje, kila mwezi, bila ya kukosa. Nilimweleza mambo ya vidonge, kisha nikamwambia habari ya majani.

"Kisamvu nisile?" akauliza.

"Usile."

"Matembele?"

"Usile."

"Mchicha japo kidogo, wa kuteremshia ugali?"

"Bi Mize, jani lolote la kijani."

"Ya rabi. Sasa nile nini, sista? Samaki mtupu, kama paka?"

Benchi zima likacheka, nami nikacheka. Nikapiga mstari chini ya maneno mekundu, nikaurudia mara ya pili.

Nitasema jambo ambalo nalionea haya. Namba ya Bi Mize haikutulia hata mwaka mmoja. Mwezi huu moja nukta nane, mwezi ujao tano na damu puani, tukampunguzia dawa, ikaporomoka, tukamwongezea, ikaruka. Na kila ilipoporomoka mimi nilijua sababu, au nilidhani naijua.

"Umekula nini, Bi Mize?"

"Sikula kitu, sista."

"Namba haisemi uongo."

"Na mie sisemi uongo. Labda ule mchuzi wa arusini, walitia majani mawili ya kotmiri, nikayatoa kwa mkono."

"Majani mawili ya kotmiri hayafanyi hivi."

"Basi wallahi sijui."

Nilimwambia hayo mbele ya watu. Miaka kumi na mbili. Alikuwa anafunga kadi yake kwenye kanga, ananitazama, anasema "haya", anaondoka.

Wakati huo huo tulikuwa na mgonjwa mwingine, Bi Time wa Mwembetanga, namba yake imenyooka kama imepigwa rula. Mbili nukta tisa, tatu, mbili nukta tisa. Nilikuwa nikimsimamisha awaambie wenzake namna anavyofuata masharti. Alisimama, akasema, "Nafuata masharti ya sista," akakaa.

Mzee Ame alifariki ghafla, mwaka wangu wa mwisho kazini. Habari tulizipata kwa mtu wa Bwejuu aliyekuja kuchukua dawa. Hapa sasa ndipo lilipo kosa ambalo nadhani lisingetokea kwenye kliniki ya kwingine. Tulikuwa na kikasha kidogo cha bati, juu yake kumeandikwa "Eda". Mgonjwa akifiwa na mume, kadi yake tuliitoa kwenye mafungu ya mwezi na kuitia humo, asiandikwe mtoro. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa ndani, hatoki ila kwa dharura. Nani ataanza kumpigia simu na kumuuliza mbona huji kliniki? Ingekuwa kukosa adabu. Dawa tulimpelekea kwa mtu. Kadi yake niliitia kwenye kikasha mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamsomea marehemu Fatiha, nikaita, "Anayefuata."

Hakuna aliyejiuliza nani atampima damu kwa miezi minne.

Mwezi wa tatu wa eda nilipigiwa simu asubuhi, niko kliniki. Alikuwa Mwajuma, wifi yake Bi Mize, dada wa marehemu, aliyehamia pale nyumbani kumsaidia.

"Sista, samahani nakusumbua. Ule mlio wa wifi yangu, siusikii."

"Mlio gani?"

"Wa kifua. Tumekaa hapa tunachambua mchele, pamenyamaza kimya, nikaona kuna kitu kimepungua nyumbani. Mara nikajua. Yeye anasema mzima. Lakini akitoka hapa kwenda chooni anasimama mara mbili."

Nikamwambia amlete sasa hivi, wasingoje hata kubadilisha kanga. Nikasikia sauti ya Bi Mize kwa nyuma, inapumua katikati ya maneno: "Mwambie sista, kizuka hatoki mpaka eda iishe."

Nilichukua kimashine, nikamwomba dereva wa gari la wagonjwa anipeleke. Sikumbuki lolote la njiani, ila kwamba niliomba ruhusa ya daktari wetu, Dokta Nasra, baada ya kuwa nimeshaondoka.

Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, amejitanda nguo nyeupe. Nilimpa makiwa, akaitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nikainama, nikatia sikio langu kifuani pake kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Mahali pa tik palikuwa na kishindo kizito, kibichi, kama mtu anayegonga mlango huku mkono umefungwa kitambaa. Nikamtoboa kidole. Kimashine kikafikiri dakika yake. Moja nukta moja. Namba ya mtu asiyemeza dawa yoyote.

"Vidonge unameza?"

"Nameza, sista."

"Anameza," Mwajuma akasema. "Nampa mwenyewe."

Pembeni palikuwa na sufuria tatu zimefunikiwa sahani. Nikafunua ya kwanza. Kisamvu cha nazi. Nikafunua ya pili. Kisamvu.

"Hivi ni nini?"

Mwajuma akanishangaa. "Si msiba, sista? Majirani wanaleta. Huyu leo, yule kesho, huku kwetu mihogo ndiyo hiyo, kisamvu ndicho hicho. Watu wamekuja kumlilia mumewe, wametwanga toka asubuhi kwa ajili yake, atawaambiaje sili? Watasema anawavunjia heshima."

"Nilikuwa nakula kijiko," Bi Mize akasema. Alipumua. "Kisha nikawa nakula sahani. Miaka kumi na mbili, sista. Kilikuwa kitamu. Naomba radhi."

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Si nilikwambia?"

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mtu aliyekuwa anakufa mkekani.

Hakukubali kuinuka. Alisema amebakisha mwezi na siku kadhaa, hawezi kumvunjia Ame eda yake. Mwajuma akampigia simu sheikh wa msikiti wao na kuweka sauti ya juu. Mwajuma akawa anaeleza kwa taratibu, na salamu zake na marehemu wake, mimi namkatiza, naye ananikatiza, mpaka yule mzee akatukata sote wawili.

"Mchukueni," akasema. "Maiti hakai eda."

Bi Mize akanyoosha mkono tumwinue.

Hospitali Dokta Nasra aliangalia moyo kwa mashine ya mawimbi, akaniita nitazame. Jani moja la chuma la ile valvu lilikuwa linafunguka na kujifunga. La pili halitikisiki; damu imegandia pale. Tulikuwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo ni dawa ya kutisha, kwa sababu haichagui: inaweza kuyeyusha pale penye shida na kumwaga damu kwenye ubongo. Kumvusha kwenda Dar es Salaam kupasuliwa upya asingefika. Mwajuma akaelezwa yote, akasema, "Fanyeni, na Mungu yupo." Tukaitundika dawa saa saba mchana. Nikakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, nikaambiwa zamu yangu imekwisha, nikasema najua.

Tulipokuwa tunangoja, Dokta Nasra aliniita kwenye meza ya picha. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, na wote hapa mnamjua hapandishi sauti. Alikuwa ametundika picha ya kifua cha Bi Mize kwenye taa. Niliona valvu, kipete cheupe. Halafu akanionyesha mshipa mkubwa unaotoka moyoni na kujikunja kama mpini wa bakora. Ukingo wake ulikuwa na mstari mweupe, mkali.

"Unajua hii nini, Bi Zuhura?"

"Chokaa?" nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyoonekana, kama kuta zetu.

"Ndiyo hasa. Kalsiamu. Imetua ndani ya ukuta wa mshipa, na mshipa ukishapakwa chokaa haunyooki tena, unakuwa bomba." Akanigeukia. "Nani alimkataza majani kabisa?"

Bi Khadija alikuwa ameshafariki miaka mingi. Kwa kufumba na kufumbua nilitamani nimtaje.

"Mimi," nikasema.

Akavuta kiti. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinieleza kuwa mwili una akiba ndogo sana ya vitamini K. Anayekula mboga yake kila siku, sahani ile ile, akiba yake haiyumbi, na kidonge unakipima kwa sahani hiyo. Asiyekula kabisa anaishi na tangi tupu. Kijiko kimoja kikiingia, namba inaporomoka; kikikosekana, inaruka. "Majani mawili ya kotmiri," nikasema, na sauti yangu sikuitambua. Akasema majani mawili hawezi kuapa, ila mchuzi mzima wa mboga, ndiyo, kwa tangi tupu ungeweza. Ushauri wa siku hizi, na si wa leo wala jana, ni kwamba mgonjwa ale majani, ale kwa kiasi kimoja, asizidishe ghafla wala asiache ghafla.

"Na ile chokaa?"

"Vitamini K haigandishi damu tu. Kwenye kuta za mishipa iko protini ambayo kazi yake ni kuizuia kalsiamu isitue mahali pasipo pake. Protini hiyo haifanyi kazi mpaka vitamini K iiamshe. Kidonge chenyewe tayari kinaizuia, na kidonge hatuna budi nacho, ndicho kilichomweka hai. Sasa juu ya hapo sisi tukamwondolea na chakula." Aliona uso wangu, akaongeza haraka: "Sikwambii kuwa ni majani peke yake. Ana umri, ana presha. Wataalamu bado wanabishana vitamini hii inasaidia mishipa kiasi gani, na wale wanaouza vidonge vyake mitandaoni vya kusafisha mishipa, wagonjwa wetu wasiviguse, vitawaua kama kilivyotaka kumuua kisamvu cha msiba. Lakini kumnyima mtu mboga zote miaka kumi na mbili, hapana. Hakukuwa na faida hata moja."

Nilikuwa mwanamke niliyewachoma watoto vitamini hiyo ili waishi. Nilibaki naikodolea macho ile picha. Niliyemwita muongo mbele ya benchi alikuwa amesema kweli kila mwezi, na kila alipozidi kunitii ndivyo namba ilivyozidi kumsaliti, nami nikazidi kumdai utii.

Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, Mwajuma alitoka wodini mbio, viatu mkononi. Alinivuta. Nikaweka sikio. Tik. Tik. Hafifu, lakini kavu, chuma juu ya chuma.

Nilingoja siku mbili apate nguvu ya kunikasirikia, kisha nikakaa kitandani pake na kumwambia yote. Nilimwambia kuwa angeweza kula majani siku zote. Kuwa namba ilikuwa inaruka kwa sababu yangu. Kuwa hakusema uongo.

Alinisikiliza, ananyoosha ncha ya shuka kwa vidole vyake vigumu.

"Matembele yangu niling'oa," akasema mwisho. "Yalikuwa nyuma ya nyumba, kitalu kizima. Niliona nikiyaacha ntaiba. Nyumbani hatukupika tena, Ame alisema tusile mbele yako. Binti yangu ana watoto wawili, hajui kutwanga kisamvu. Na mtaani ukiumwa moyo, watu wanakwambia acha majani, kamuulize Mize."

"Nisamehe, Bi Mize."

"Uliniita muongo, sista."

"Nilikuita."

"Mie hilo ndilo lililoniuma. Majani nilishayasahau." Alipumua vizuri, mara ya kwanza namwona anapumua bila ya kuhesabu. Halafu akanigeukia, na uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu mekoni. "Na wenzangu je? Wale tuliokuwa tunakaa nao kwenye benchi. Umeshawaambia?"

Nilikuwa nimebakisha wiki tano za kazi. Nilizitumia zote kwa hilo. Nilishusha kadi kutoka kabatini, za miaka yote, nikafuta maneno mekundu, na Dokta Nasra akaniandikia la kusema: kula mboga yako, sahani ndogo, kila siku kiasi kile kile, na uje upimwe damu kila wiki mpaka tukiweke sawa kidonge chako; usianze kabla hujaja. Na kile kikasha cha eda nilikitoa mezani. Mjane afuatwe nyumbani na kimashine. Nanyi nawaomba msikirudishe kwa jina jingine.

Niliwapigia mmoja mmoja. Wako waliolia. Yuko aliyenikatia simu, na sikumlaumu. Nilipompata Bi Time wa Mwembetanga, yule mwenye namba iliyonyooka, nikaanza kumweleza, akaniacha nimalize, kisha akaangua kicheko.

"Sista Zuhura, mie mchicha nala kila siku mchana toka nimetoka kupasuliwa. Sahani moja. Sijaacha hata Ijumaa."

"Na ulikuwa unasimama unasema unafuata masharti!"

"Si ulikuwa unanisimamisha wewe? Ningesemaje, nikutie aibu?"

Nikacheka naye, nikaweka simu. Katika kliniki nzima aliyenidanganya ndiye aliyesalimika.

Kadi ya karibu na mwisho ilikuwa ya Mzee Makame wa Tumbatu. Alikuwa anavuka maji kila mwezi kuja kwetu, mtu wa maneno machache, mpaka akahamishia kupimwa kwake kituo cha karibu na kwao, nasi tukapoteana. Simu ilipokewa na mkewe. Nikajitambulisha. Alifurahi mno, akaniuliza hali, akaniuliza watoto, akaniuliza nyumba.

"Na Mzee yupo?" nikasema. "Nina maneno naye kuhusu chakula chake."

"Ah, sista. Kashatangulia. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Ile valvu iliziba."

Nikasema innalillahi.

"Lakini wewe usiwe na wasiwasi," akaniambia, na sauti yake ikainuka kidogo, ya mtu anayekabidhi amana nzima nzima. "Masharti yako aliyashika. Hakugusa jani, wallahi, nilikuwa nampikia mwenyewe. Hata zile siku za mwisho, hana hamu ya chochote, akaniomba matembele, kijiko kimoja tu. Nilimkatalia. Nikamwambia, sista kakataza."

Akangoja nimsifu.